Namba Moja Niliyoipanga kwa Chaki

Kwanza mjue mnasoma maneno ya nani. Mimi ni mtu ambaye hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Shule nimeishia darasa la nne, lakini nina fuso mbili, nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili hapa Matema, na ekari saba za kokoa. Nimeshaona mafuriko yakibeba nyumba na paka juu ya bati. Nimeshauziwa ng'ombe kipofu, nikamuuza tena kwa faida. Nilipokuwa nasema barazani kwangu kwamba sishangazwi, sikuwa najisifu. Nilikuwa natoa taarifa tu.

Sasa nimeshangazwa, jamani! Na kosa ni langu mwenyewe. Jina sitaji. Wanaonijua watanijua, na hao wameshanicheka vya kutosha.

Turudi nyuma, mwisho mwisho wa miaka ya themanini. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mjomba wangu alikuwa amerudi kutoka migodi ya Zambia na vitu viwili vya maana: mashine ya kukoboa mpunga na redio kubwa ya masafa mafupi. Redio aliifungia chumbani. Betri zake zikichoka tulizianika juani kama dagaa. Aliyeruhusiwa kuigusa zaidi ya yeye ni mimi tu.

Kila Jumamosi jioni, redio ya Waingereza ilikuwa inasoma nyimbo ishirini zilizouzwa zaidi kwao wiki hiyo. Wanaanza na ya ishirini, wanapanda, wanapanda, hadi namba moja. Sauti inakuja, inapotea, inarudi. Mimi nimebandika sikio pale kama daktari.

Kiingereza changu kilikuwa cha kuhesabu tu. Lakini namba zilinitosha! Kuna wimbo ulikuwa unaingia wa kumi na tisa, wiki ijayo wa saba, wiki ijayo wa pili, unasikia moyo unadunda utadhani ni ndugu yako anapanda cheo. Mwingine unakaa juu wiki tatu, halafu unaporomoka wote kwa mpigo, hata kuaga hauagi. Nilikuwa naandika kwenye daftari: namba, tarehe, jina la wimbo kama sikio lilivyonipa, na mshale wa kupanda au kushuka. Halafu nachukua chaki, naandika kumi za kwanza kwenye mlango wa mashine. Jumapili baada ya ibada, vijana wote wa Matema wanakuja kusoma mlango.

Wanamuziki wenyewe hatukuwajua sura, tukawapa majina yetu. Mimi nilikuwa shabiki wa Wale wa Kinanda, maana nyimbo zao zilijaa kinanda na ngoma za umeme. Rafiki yangu Ambakisye alikuwa wa Dada Kikohozi, binti mmoja wa huko aliyeimba kama amemeza mchanga. Baba yake Ambakisye alikuwa mzee wa kanisa, nyimbo za dunia marufuku, na Jumamosi jioni mwanawe lazima awe kwenye mazoezi ya kwaya. Alimsikia Dada Kikohozi mara moja tu, kipande, akipita dirishani kwa mjomba. Akaugua hapo hapo.

Tukawekeana dau. Kila wiki, ambaye mtu wake yuko chini anamfanyia kazi mwenzake. Nikishindwa mimi, nalima shamba la mpunga la kwao siku nzima. Akishindwa yeye, anapiga kafi hadi Ikombe kuniletea vyungu. Maana hapo ndipo nilipoanza biashara: wanawake wa Ikombe wanafinyanga, mimi nanunua, nauza soko la Kyela. Kwenda Ikombe ni mtumbwi tu, na mimi maji nilikuwa nayaogopa, kwa nini niwafiche?

Wiki mbili za kwanza Wale wa Kinanda walikuwa juu kwa haki. Wiki ya tatu, nimebandika sikio, nasikia Dada Kikohozi ameruka kutoka wa tisa hadi wa kwanza! Wangu wameanguka hadi wa sita.

Na kule Ikombe nilikuwa na vyungu kumi na vinne vimeshachomwa, vinasubiri.

Nilisimama mbele ya mlango na chaki mkononi. Nikaandika Kinanda, namba moja. Dada Kikohozi nikampa namba mbili. Mnajua kwa nini namba mbili? Ili Ambakisye asikate tamaa! Ningempa ya tisa angeacha dau. Namba mbili, kila Jumapili anasimama pale na Biblia kwapani, anatikisa kichwa, anasema, "Gwe, wiki ijayo anapita tu. Bado kidogo."

Halafu anakwenda ziwani.

Alikwenda mara kumi na moja! Na daftari nalo nililiandika vile vile uongo, lifanane na mlango.

Vyungu hivyo vikanipa mtaji wa gunia za mpunga, mpunga ukanipa baiskeli, baiskeli ikanipa kokoa, na mengine mnayaona barabarani yamepakwa rangi ya bluu. Miaka yote hii, kila harambee, kila harusi, nikipewa kipaza sauti nasema: nilianza bila kitu, kwa mikono yangu miwili. Watu wanapiga makofi. Ambakisye naye anapiga.

Sasa njooni mwaka huu. Kijana wangu Gwamaka amempata mchumba Ikombe, mtoto wa kaka wa mke wa Ambakisye. Mshenga atakuwa nani kama si Ambakisye mwenyewe? Jumatatu moja asubuhi amekuja barazani kwangu tupange safari ya posa. Tumekaa, tunakula ndizi za kuchoma, na mimi kwa kuwa sijui kukaa kimya nikatoa lile daftari. Nimelitunza kwenye sanduku la bati pamoja na hati za mashamba.

Akapita mpangaji wangu, Mwalimu Rehema. Ni mtu wa Tanga, amehamishiwa sekondari ya hapa, mpole lakini ulimi wake una chumvi.

"Shikamoo baba mwenye nyumba. Shikamoo baba."

"Marahaba mwalimu. Njoo uone kitu ambacho chuoni kwenu hamkufundishwa."

Akafungua. Akacheka kwa furaha. "Yaani baba ulikuwa unasikiliza haya? Marehemu baba yangu naye alikuwa na kanda zake! Siku hizi orodha zote hizi zipo kwenye simu, wiki kwa wiki."

Mtu mwenye akili angebadilisha mazungumzo. Mimi nikasema nini? "Basi linganisha! Ukikuta mstari mmoja si kweli, mwezi huu kodi hulipi."

Naapa, ninavyoandika hapa nilikuwa nimeshasahau. Uongo nilioukalia miaka yote hiyo ulikuwa umeshaota mizizi, nikadhani ni ukweli. Nilikumbuka aliponyoosha kidole kwenye simu.

"Baba, wiki hii umeandika hawa wa kinanda wa kwanza."

"Wa kwanza, ndiyo."

"Huku wanasema wa sita."

"Simu hizo za bei rahisi, mwalimu."

"Na huyu dada uliyempa ya pili, huku ndiye wa kwanza."

Ambakisye akaacha kutafuna. "Soma tena, mwanangu. Polepole."

Akasoma. "Wiki inayofuata?" "Wa kwanza." "Na inayofuata?" "Wa kwanza. Wiki nne mfululizo, baba. Halafu anashuka, wa tatu, wa nane. Na huku mwishoni mwa daftari, wote wawili hawamo hata kwenye ishirini." Mwalimu akanitazama, akaziba mdomo. "Baba mwenye nyumba amewaacha juu peke yao, kama mafundi walioondolewa ngazi!"

Mimi nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Ambakisye alikuwa anaangalia viganja vyake. "Mara kumi na moja," akasema. Akachukua kofia yake, akapanda baiskeli, akaondoka bila kuaga. Huku kwetu mtu hata akigombana na wewe anaaga kwanza.

Simu nikapiga, hapokei. Jumanne jioni akatuma ujumbe: tafuta mshenga mwingine. Mshenga mwingine nimtoe wapi? Nani wa Ikombe atamfungulia mlango mtu aliyemfanya shemeji yao punda? Gwamaka, kijana asiyenijibu hata siku moja, akaniuliza, "Baba, nimkose Neema kwa ajili ya nyimbo za Wazungu?" Nikaenda dukani kununua sukari ya kuombea radhi. Mimi!

Jumatano asubuhi nikaenda kwake na kilo tano za sukari. Mke wake alikuwa uani anafinyanga, maana huyu mama ni wa Ikombe na udongo hajauacha. Hakuinuka.

"Ugonile, namba mbili," akanisalimu.

"Shemeji, nimekuja kuomba radhi."

"Mimi usiniombe. Mimi nakushukuru, ndaga fijo! Huyu kijana alikuwa anakuja kila wiki, mikono imechubuka, nikamwonea huruma, nikampaka mafuta ya mawese. Bila uongo wako ningeolewa na wewe, ambaye maji unayaogopa."

Ni kweli kwamba zamani hizo nilikuwa na mpango wa kumwoa. Nilikuwa nangoja mtaji ukue kwanza. Nikampeleka mwenzangu mlangoni kwao mara kumi na moja kwa chaki yangu mwenyewe!

Ambakisye akatoka ndani. Nikaanza maneno yangu, nimeyapanga njia nzima: utoto, ujinga, njaa ya mtaji. Akanikata.

"Kupiga kafi si kitu. Nilikuwa na nguvu. Nikwambie kitu ambacho sijamwambia hata mama Subira." Mkewe akaacha kufinyanga. "Mimi nilikuwa naomba. Kila Jumapili, kanisani, mbele ya baba yangu, nafumba macho namwomba Mungu yule dada awe wa kwanza. Wiki moja tu. Natoka hapo nakuja mlangoni, wa pili. Naomba tena. Wa pili. Nikasema, basi, Mungu ana kazi kubwa, mambo madogo ya mtu kama mimi hayasikii. Tangu hapo sijamwomba kitu kidogo. Nikiumwa jino nanyamaza. Kumbe alinijibu wiki ya kwanza ile ile! Wewe ukafuta."

Ndugu zangu, nimeshakatwa kauli na polisi, na mabenki, na wazungu wa kokoa. Hao wote niliwasikiliza nimesimama, huyu sikuweza. Nilikaa chini pale pale kwenye udongo na suruali yangu ya kitambaa.

Mwishowe akasema, "Jumamosi tutakwenda posa. Utapiga kafi wewe."

"Boti ya injini nitakodi, ya watu kumi."

"Kafi."

Jumamosi Matema yote ilikuwa ufukweni. Mwalimu Rehema ndiye aliyewafundisha maneno, simsamehe! Mimi nimevua viatu, tumbo limetangulia mtumbwini, na wale wanapaza sauti kama watangazaji: "Wiki iliyopita alikuwa wa kwanza, leo ameporomoka hadi wa kumi na nane!" Mwingine, "Ingizo jipya, na tumbo lake!" Ambakisye alikaa mbele na koti la mshenga, mikono amekunja, kama chifu.

Mwendo wa saa moja nilitumia saa mbili na nusu. Viganja vikachanika. Katikati ya ziwa akatoa simu. Mwalimu alikuwa amemwekea ule wimbo wa Dada Kikohozi. Kumbe maisha yake yote hajawahi kuusikia mzima! Akausikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, kichwa ameinamisha. Mimi niliacha kupiga kafi, mtumbwi ukawa unaelea wenyewe. Niliogopa zaidi ya nilivyowahi kuyaogopa maji.

Wimbo ukaisha. Akafikiri.

"Mwisho wake unachosha," akasema. "Namba mbili ingemtosha."

Nililia, jamani. Nililia huku nacheka, na yeye akanitupia maji usoni, akasema nipige kafi, watu wanasubiri.

Ikombe akawaeleza wakwe kila kitu, hakuacha hata mshale. Waliangua vicheko hadi kuku wakakimbia. Halafu baba mkubwa wa binti akanyamazisha watu, akasema, "Tata, kijana wako ataoa, hana kosa. Lakini wewe namba zako zinatutia wasiwasi. Mahari utahesabu kwa sauti, mbele ya mashahidi, na juu yake utaweka mtamba mmoja wa faini." Nilitaka kubishana bei. Ambakisye akanitazama. Nikasema, "Ndaga."

Kwa hiyo ninyi wenzangu mnaopewa vipaza sauti mkasema mmeanza bila mtu, acheni! Nendeni mkamtafute huyo mtu kabla mtoto wa watu hajafungua simu. Msidhani jambo ni dogo kwa kuwa lilikuwa mchezo wa vijana na nyimbo za mbali. Hujui mwenzako alikuwa ameweka nini moyoni juu ya mchezo huo. Na ukiona mtu anavumilia kushika namba ya pili kila wiki, mwogope Mungu.

Ambakisye alikuwa ananidai safari kumi na moja za kafi. Kumi zilizobaki alinihurumia, nikamlipa ujira wa mpiga kafi kwa bei ya leo, na ile niliyopiga mwenyewe akakataa kuihesabu kwa sababu tulichelewa. Nikijumlisha ujira wa safari zote kumi na moja, mtamba wa faini, kodi ya mwezi ya Mwalimu Rehema na dawa ya kuchua mgongo, namba moja ile ya chaki imenigharimu shilingi laki nane, themanini na nane elfu na mia tano.