Jani la Ncha Tano

Fundi wa bendera hapimi kwa futi. Hukunja kitambaa cha kijani, akabana pini midomoni, kisha akakata jani lenye ncha tano, la ule mmea unaotambaa kwenye kuta zote za mkoa wa Romagna na kwenye bendera nyekundu za chama cha wapenda jamhuri. Ivano, muuza kahawa wa klabu ya chama, amemtazama bibi huyo hivyo miaka thelathini, akishona kwenye meza ya dirishani. Mwanachama akifa, bibi humshonea jani ndani ya koti, upande wa moyo, ndipo jeneza lifungwe. Vidole vyake vimepinda, mshono wake haupindi. Siku hizi macho hayaoni tundu la sindano. Huguna tu, na Ivano huja kumtungia uzi.

Siku ya Jumanne alikuwa akimshonea marehemu Settimio, aliyebeba bendera kwenye mazishi ya wenzake wote. Alipomaliza, alikunja kitambaa tena, akakata jani la pili.

“Kwani wamekufa wangapi, bibi?” Ivano akamtania.

“Mmoja. Hebu nitungie uzi.”

Bibi akavua koti lake mwenyewe, lile jeusi la misibani, akaligeuza ndani nje mapajani, akaanza kushona. Ivano akaacha kufuta glasi.

“Lakini wewe mbona mzima, bibi?”

“Najua. Na wewe unajua kushona?”

Bibi alikata uzi kwa meno, akalivaa koti, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni.

“Haya,” akasema. “Mtakuwa na kazi ya kunivisha tu.”