Kikombe cha Uzi Mwekundu

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko wangu na kwa maneno nitakayokosea. Nilisoma hadi darasa la nane tu, na vidole vyangu hupasuka kwenye viungo wakati wa baridi, kwa hivyo ninaandika polepole. Mbele za watu mdomo wangu ni mzito, lakini hasira niliyo nayo haijapungua. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mwaka niliomaliza shule, mama alinipeleka kwenye kikundi chao cha kusuka viondo. Walikutana alasiri nyumbani kwa mwenyekiti wao, huku kwetu Mumbuni. Viondo vilipelekwa Kyumbi, vikatundikwa kando ya barabara, wasafiri wakavinunua. Mimi nilitaka jambo moja tu: kusuka kiondo changu mwenyewe, kuanzia kitako hadi mdomo, nacho kitundikwe pale pamoja na vya wengine.

Aliyezaliwa huku anajua uzi wa mkonge unavyosokotwa. Unakaa chini, unapandisha rinda, unaviringisha nyuzi kwa kiganja juu ya paja tupu, mbele na nyuma, mpaka zishikane ziwe kamba nyembamba. Wazee husema uzi hautaki nguo, unataka ngozi. Haukupita muda, paja langu la kulia na kiganja vikaanza kuniwasha. Ngozi ikawa nyekundu, ikatoa maji, kisha ikawa ngumu kama gome.

“Aiya! Huyu mtoto ako na upele,” mwenyekiti alisema mbele ya wote. “Usiguse viondo vya watu. Utatuambukiza sisi na wateja.”

“Si upele, mwaitu,” mama akamjibu kwa heshima, maana kwetu mwaitu ni mama. “Ako na hii kitu tangu akiwa mdogo, nyuma ya magoti. Inakuja ikienda.”

“Basi ni upele umezeeka. Kama ungekuwa mtu, ungekuwa umeshaoa!”

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi niliangalia vidole vya miguu yangu. Mmoja wao alituletea dawa ya kuogeshea ng'ombe, eti nipakwe usiku. Mama aliikataa, na kwa hilo wakamwona ana kiburi.

Hawakunifukuza. Afadhali wangenifukuza. Walinikalisha peke yangu kando ya ghala, wakanipa kikombe changu, na kwenye kishikio chake wakafunga uzi mwekundu ili kisichanganywe na vingine. Wakaniambia nisisuke, nisokote tu. Hoja yao ilikuwa kwamba uzi wangu ungechemshwa kwenye sufuria ya rangi kabla ya kusukwa, na moto ungeua kila kitu. Hivyo nikawa msokotaji wa kikundi kizima. Wao walipumzisha mapaja yao, langu likabeba mkonge wa wote. Kadiri nilivyosokota ndivyo nilivyoharibika, na kadiri nilivyoharibika ndivyo walivyosema, “Si mnaona? Tulisema.”

Hatimaye mama alinipeleka kliniki ya ngozi mjini. Daktari, mama mmoja mpole, alitazama mapaja yote mawili, akayatazama tena.

“Mbona ni huu mguu mmoja?”

Mama akamwonyesha kwa mkono tunavyosokota. Daktari akatikisa kichwa. “Kumbe jibu mmekuja nalo.”

Alisema ugonjwa wangu ni ukurutu. Katika damu kuna seli za ulinzi ambazo kazi yao ni kupigana na viini vya magonjwa. Zangu hukosea. Zikikutana na mkonge, ambao si adui, huita wenzao, na wote hukimbilia ngozini na kumwaga kemikali zinazoleta uvimbe na kuwasha.

“Kuna seli zingine kazi yao ni kusema basi, imetosha,” alieleza. “Kwako hizo zinalemewa. Na ukirudi kwa mkonge kila siku, vita inaanza upya kabla ya ile ya jana kutulia.”

“Na inaambukiza?” mama aliuliza.

“Itamwambukiza nani? Ni mwili wake mwenyewe. Kwenu hakuna mtu wa pumu?”

Alikuwapo: baba mdogo. Daktari akasema pumu na ukurutu mara nyingi hukaa katika familia moja, ulinzi uleule ukikosea, kwa mmoja kifuani, kwa mwingine kwenye ngozi. Ndani niliwaka. Baba mdogo alipumua kwa mlio kama wa filimbi mbele ya watu wote, na hakuna aliyewahi kumfungia kikombe uzi. Yeye alipewa kiti na pole.

Nilipewa mafuta ya kupaka, nikaambiwa niuache mkonge. Mama alipowaeleza wenzake, walisema madaktari wa siku hizi wanasema mengi. Mimi nikakaa nyumbani, nikafumua nyuzi za nailoni kutoka kwa magunia ya sukari, nikasuka kiondo changu. Ngozi ikatulia, ingawa si kabisa.

Siku niliyokipeleka, kilipita mkono kwa mkono.

“Kimekaza,” mwenyekiti alisema. “Kitaenda Kyumbi na vingine. Keti hapa, mwanangu, unywe chai.”

Akanionyesha mkekani, katikati yao. Nilikaa nikiwa na furaha. Kisha chai ikaja, na yangu ilikuwa ndani ya kikombe kilekile. Uzi ulikuwa umefifia, lakini haukuwa umefunguliwa. Kumbe kiondo nilichoshika tangu kitako hadi mdomo kingeweza kuuzwa kwa wageni, ila midomo yangu isiguse kikombe chao.

Sikuwa nimewahi kumjibu mtu mzima. Nilifungua ule uzi kwa kucha, nikaimwaga ile chai chini, nikarudisha kikombe kwenye sinia katikati ya vingine.

“Mwaitu, hiki ni kikombe tu,” nikasema.

Chai ilipomiminwa tena, kila mmoja alichukua kikombe, na kile kikabaki peke yake kwenye sinia. Nikachukua kiondo changu, nikaenda nacho nyumbani. Hakikuwahi kutundikwa Kyumbi. Mama huenda nacho sokoni hadi leo.

Wewe unayesoma, kama una ngozi kama yangu, au nyumbani kwenu kuna mtu aliyetengewa kikombe, niandikie kupitia kwa waliochapisha maneno haya. Niambie ni nani alikitenga, na kama kilirudishwa na vingine. Nitakujibu, ingawa nitachelewa.