Mauaji Yawe ya Zamani, Tena ya Mbali

Kila linapofunguliwa sanduku la riwaya mpya kazini kwetu, hapa maktaba ya Edmonton, harufu ya gundi na ya jalada la plastiki hunipanda puani kabla sijasoma hata jina moja. Kazi yangu ni kuzipitia riwaya za kihistoria na za upelelezi zilizotoka karibuni na kuziandikia kikadi cha kumshauri msomaji: hii ni ya wapendao makasri na sumu, hii usiianze ikiwa kesho una kazi ya asubuhi. Watu wazima wenye mvi zao husimama mbele ya rafu yangu wakaniuliza wasome nini. Wenzangu hudhani kazi hii niliisomea chuoni. Nyinyi nitakwambieni kweli: niliianza nikiwa na miaka kumi na moja, sebuleni kwetu Walthamstow, mtaa wa Waingereza usio mbali na hapa, na wasomaji wangu wa mwanzo walikuwa wanawake watatu ambao hata mmoja wao hakusoma Kiingereza.

Ilikuwa miaka ya sabini ikianza. Tulikuwa tukikaa nyuma ya soko, katika nyumba nyembamba iliyobanwa na nyumba nyengine mfano wake kulia na kushoto. Tuliondoka Unguja baada ya mapinduzi, mimi nikiwa na miaka minne na kidogo, na huko sikukumbuka kitu. Baba alifanya kazi kwenye bohari, Jumamosi hakuwapo. Mama alichukua kola za mashati kutoka kiwandani akazishona nyumbani, na Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri walikuja mashoga zake wawili kumsaidia. Mmoja ni Bi Shemsa, mnene, mcheshi, asiyekaa bila ya kulalamikia baridi. Wa pili ni Bi Zakia, mwembamba, mwenye mikono mirefu, ambaye mumewe, Ami Haroub, alichukuliwa na watu wenye bunduki siku zile za mapinduzi na hakuonekana tena.

Mimi nilikuwa redio yao. Nilikaa kwenye zulia karibu na jiko la mafuta ya taa, riwaya mapajani, nikiisoma sentensi kimoyomoyo kisha nikiitoa kwa Kiswahili. Neno nisilolijua nilitia langu. Kuna askofu mmoja aliyekufa kwa kula boga lenye sumu, na mpaka leo sijui alikula nini hasa.

Vitabu nilipewa na mkutubi wa mtaani kwetu, Mwingereza mtu mzima ambaye kina mama walimwita Bi Hilda kana kwamba ni mtu wa mtaa wa Malindi, Unguja. Aliniwekea riwaya mpya chini ya meza yake. "Kile cha mwisho wamekipenda?" alikuwa akiniuliza, nami nikampa hukumu za sebuleni kwetu: Bi Shemsa kasema mwandishi hajui kupika, Mama kasema muuaji alijulikana tangu alipoingia bila ya kusalimia. Bi Hilda akaandika kwenye kijikaratasi, akanipa chengine. Nikifika nyumbani nilivinadi: hiki cha mjane wa mfanyabiashara wa sufu, hiki cha daktari wa mfalme. Wao wakachagua.

Katika kuchagua, Mama alikuwa na sharti moja. "Mauaji yawe ya zamani," alisema, "tena ya mbali. Ya watu ambao hata wajukuu zao wameshakufa."

Nilidhani ni woga wa kawaida, maana woga ulikuwa mwingi katika nyumba ile. Mlango ukibishwa, sindano zilisimama zote pamoja. Mama alisogea dirishani, akalisukuma pazia kwa ncha ya kidole, na sisi tukangoja bila ya kuvuta pumzi mpaka aseme ni muuza maziwa. Watu walisema mjini humu mna masikio, kwamba neno lililosemwa Walthamstow Jumamosi hufika Unguja Jumatatu, na huko kila mtu alikuwa na jamaa.

Bi Shemsa alisikiliza ili acheke. Bi Zakia alisikiliza kama mtu anayefundishwa kazi. Mpelelezi alipomnyooshea mtu kidole, yeye aliiweka sindano chini. "Amemjuaje?" aliuliza. "Rudia hapo, Asya. Amemjuaje?"

Sababu yake niliijua, kwa kuwa alikuwa akiisema. Ami Haroub alikuwa amejificha nyumbani kwetu Unguja, kwenye chumba cha juu, na Bi Zakia alikuwa kwa mama yake, ng'ambo ya mji. Wale watu waliingia na hawakupekua popote. "Walipanda juu moja kwa moja," alisema, macho yake yakiwa dirishani, "kama watu walioelekezwa. Mimi nataka nimjue mmoja tu. Aliyewaelekeza."

"Majirani, Zakia," Mama alijibu kila mara, bila ya kuinua uso kwenye kola. "Nani mwengine?"

Basi ikaja wiki ambayo Bi Hilda alinipa riwaya yenye jalada la kijani. "Hii imetoka sasa hivi," alisema. "Ya kihistoria, lakini si ya zamani sana. Nadhani ni ya pande za kwenu." Niliibeba mvuani ndani ya koti, nimejaa fahari. Ilikuwa ya kisiwa kisichotajwa jina, chenye joto na karafuu, ambako serikali imepinduliwa na mwalimu mmoja amejificha kwenye dari ya nyumba ya rafiki yake. Mwalimu anakamatwa, anauawa, na baada ya miaka mdogo wake anarudi kuuliza ni nani aliyesema.

Nilipoinadi, Mama aliniambia, "Hapana. Lete cha daktari wa mfalme."

"Hicho hicho cha kijani," akasema Bi Zakia. Hakuwahi kuchagua kabla ya siku ile.

Nilisoma kurasa nyingi na hakuna aliyenikatiza. Hata Bi Shemsa hakuisema baridi. Mvua ilikuwa ikipiga kioo, jiko likitoa ule moshi wake unaowasha macho, na mimi niliyaona mambo yakipendeza, kwa vile nilikuwa najua maneno yote. Nikafika pale ambapo mtoto wa nyumba ile anacheza kizingitini, na mtu mwenye kofia anachuchumaa mbele yake na kumuuliza kama wana paka.

"Basi," alisema Mama.

Niliinua uso. Sindano ilikuwa imemwingia kidoleni na damu ilikuwa imelowesha kola nyeupe, naye haitazami. Alikuwa akinitazama mimi, na sijawahi kuona mtu akinitazama vile, wala haikuwa kwa hasira.

"Kitabu kibaya hicho. Jumatatu kirudi kilikotoka. Na mtu akikuuliza, sema hakikuwa kizuri."

Bi Zakia alizikunja kola zake moja moja, akaaga, akaondoka mapema.

Nyinyi ni wasomaji, kwa hivyo mnajua nilichofanya. Jumatatu nilikwenda na kitabu maktaba, nikakaa kwenye ngazi za mlangoni na kukimaliza hapo hapo, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Mtoto, aliyedanganywa kwamba darini mna paka, alimwambia yule mtu kwamba paka huyo anakohoa. Ndivyo mwalimu alivyojulikana. Nilimrudishia Bi Hilda na nikasema, kama nilivyofunzwa, kwamba hakikuwa kizuri. Alinitazama kwa muda, na safari ile hakuandika kitu.

Alhamisi, nikitoka skuli, nilimkuta Bi Zakia sokoni karibu na wauza viazi. Mabanda yalikuwa yakifungwa na majani ya kabichi yalikuwa yamekanyagwa mpaka yakawa utelezi. Hakuwa na kikapu. Nadhani alikuwa akiningojea.

"Shikamoo, Bi Zakia."

"Marahaba, mwanangu. Kile kitabu kimeishaje?"

Nilijua nimekatazwa. Lakini nilikuwa na mwisho wa hadithi mdomoni tangu Jumatatu na hapakuwa na mtu wa kumpa. Nikamwambia yote: kofia, paka, kikohozi.

"Mtoto," alisema. "Wa umri gani?"

"Mdogo. Hajaanza skuli."

 Muuza viazi alipita katikati yetu na gunia, na Bi Zakia aliporudi kutazamana nami uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa mtulivu kama uso wa mtu aliyeacha kutafuta. Alinishika shavu. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Nyinyi mlipotoka Unguja, Asya, ulikuwa na miaka mingapi?"

"Minne na kidogo. Mama anasema hivyo."

"Haya," alisema. "Twende nikupeleke kwenu."

 Njiani alitembea upande wa barabara, mimi upande wa nyumba, na mara mbili nilihisi kwamba ananitazama. Mama alipofungua mlango na kutuona pamoja aliuegemea ukuta. Waliingia jikoni wakaufunga mlango, na bomba la maji likafunguliwa likaachwa likimwagika, njia ya Mama anapotaka asisikike. Nilikaa kwenye ngazi na begi langu la skuli. Nilisikia maji, kisha sauti ya Mama ikisema "Nisamehe" mara nyingi, kisha kitu kama mnyama aliyebanwa mlangoni, na mpaka leo sijui kilitoka kwa nani kati yao. Bi Zakia alipotoka alinipita bila ya kunigusa.

Jumamosi ile hakuja, wala iliyofuata. Mama hakunigombeza hata kidogo, na hilo lilinitisha kuliko fimbo. Nilijiambia kwamba nimefitinisha mashoga kwa kusimulia kitabu nilichokatazwa. Nilipeleka vya makasri, nikasoma vibaya, Bi Shemsa akasinzia. Usiku nilimwomba Mungu amrudishe Bi Zakia, nikaahidi sitasema tena mwisho wa kitabu chochote.

Alirudi Jumamosi ya nane. Aliingia na theluji mabegani, akamsalimu Mama, akavua koti. Badala ya kukaa mahali pake pa siku zote dirishani, alivuta kiti mpaka karibu na zulia langu, magoti yake yakawa yanagusa bega langu. Akaniuliza, "Leo umetuletea nini?"

Nilimnadia cha mtawa aliyeanguka mnarani.  Alisema kinafaa. Nikasoma, na mpelelezi alipomtaja muuaji nilisita, nikingoja lile swali lake. Hakuuliza. Hakuliuliza tena maisha yake yote, na nilimsomea mpaka nikawa mtu mzima mwenye watoto, mpaka macho yake yalipokufa na alipokuwa akisikiliza akiwa amelala.

Tulimzika siku ya upepo mkali. Baada ya hitma, wageni walipotoka, Mama aliniita jikoni, akakaa, akaniambia nami nikae. Alisema jambo hili alilificha kwa sababu aliapishwa.

Siku ile Unguja yeye alikuwa uani akifua. Wale watu walikuja watatu, wakasimama mlangoni na kuuliza kwa upole kama Haroub yupo. Mimi nilikuwa kizingitini. Nilikuwa nimefunzwa kwamba wageni wakija mtoto hukimbia kumwita mwenyewe. Nikaenda mpaka chini ya ngazi, nikapaza sauti kwa adabu yangu yote: "Ami Haroub, wageni wako wamekuja."

"Yeye akaitika," alisema Mama. "Wallahi aliitika, Asya, kwa kuwa ulikuwa wewe."

Niliuliza Bi Zakia alisema nini jikoni siku ile, baada ya kujua.  Mama alisema kwamba kabla ya kuufungua mlango Bi Zakia alimwapisha: mtoto asiambiwe maadamu yeye yu hai. "Akijua," alisema, "atakuwa ananisomea kwa kuniogopa."

Nilikuwa nikiamini kwamba zile wiki saba Bi Zakia alikuwa amenikasirikia kwa ajili ya kitabu. Sasa naelewa kwamba zile wiki saba alikuwa akijiuliza kama anaweza kuketi tena karibu na sauti iliyomtoa mumewe mafichoni. Wasomaji wangu huniomba riwaya ambayo mwisho wake mwenye kosa anajulikana, nami huwapa, zipo nyingi na ni nzuri. Kuhusu mtu aliyekwisha kumjua, kisha akavuta kiti karibu naye na kumsikiliza kwa miaka yote iliyobaki, sijapata kitabu cha kuwapa.