Arzihali ya Mwana Esha wa Chovae

Siku yangu ya kwanza kazini niliwekwa kwenye benchi nje ya mlango wa Residente wa Kismayo tangu asubuhi, na kazi niliyoifanya ni kufukuza nzi. Residente ndiye aliyekuwa serikali yenyewe kwetu sisi: hukumu kwake, kodi kwake, ruhusa ya kusafiri kwake. Adhuhuri aliniita ndani, akanipa waraka wa Kitaliano, akaniamuru nimsomee kwa lugha ya kwetu. Nikasoma. Hakuelewa hata neno moja, lakini alitikisa kichwa akaridhika. "Vizuri," akasema. "Husiti." Hivyo ndivyo nilivyopata ukalimani, na kwa kweli ningefaa zaidi kama ningekuwa mtu wa kusita.

Vijana wa siku hizi mnakuja kwangu na swali lenu lile lile: je, maandishi ya Mbajuni yafasiriwe na Mbajuni tu, au mtu yeyote ajuaye lugha anatosha? Nimechoka kuulizwa, maana kila mmoja anakuja na jibu lake mfukoni. Nitawaeleza niliyoyafanya mimi, kisha mnipumzishe.

Kazi yetu ilikuwa na taratibu zake. Mtu mwenye shida aliandika arzihali, yaani barua ya kuiomba serikali, na wengi wa kwetu waliandika kwa herufi za Kiarabu kama walivyofundishwa kwenye chuo cha Kurani. Mkalimani aliitoa kwa Kitaliano, kwanza kwenye minuta, ile nakala chafu ya kukatakata, kisha kwenye karatasi ya muhuri. Chini kabisa aliandika konforme, maana yake hii ni sawa na ile, akatia sahihi. Bila neno hilo karatasi ilikuwa ya kufungia karanga.

Nilifanya kazi forodhani, nikahamishiwa Barawa kwenye baraza la hukumu, nikarudishwa Kismayo chini ya Residente wa tatu. Huyu alikuwa mwembamba, msafi, mpenda kanuni. Zilikuwa siku zile Waitaliano walipotoa sheria ya kutenganisha damu, mweupe na mweusi wasichanganyike, na Residente huyu aliipeleka hata mahali isikoandikiwa. Alitupanga wakalimani kama vyombo kabatini: Msomali afasiri ya Wasomali, Mwarabu ya Waarabu, na mimi, Mbajuni, ya Wabajuni wenzangu wa visiwani. "Damu ndiyo ijuayo damu," alituambia. "Mgeni atayasikia maneno tu. Wewe utausikia moyo."

Nakiri kwamba nilifurahi. Tulikuwa na Katibu wa Pili, Mhabeshi Mkristo kutoka nyanda za juu za Eritrea, aliyekiokota Kiswahili bandarini akakizungumza kama anayetafuna kokoto. Kabla ya amri ile alikuwa akifasiri za watu wetu pia, nami nilikuwa nikimcheka. Baada ya amri nilimcheka waziwazi. Yeye akaendelea kuchonga kalamu zake.

Basi ndipo akaja Mwana Esha. Alikuwa mjane wa makamo, kwao kisiwa cha Chovae, baba yake alikuwa mwalimu wa chuo na yeye mwenyewe hati yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Mwanawe Omari alikuwa amefungwa kwa kumpiga msimamizi wa ukataji boriti, Mtaliano, akamvunja taya. Mama alikuwa ameandika arzihali kurasa mbili. Alinikabidhi, akaniambia, "Ni yote humo, mwanangu. Sikubakisha."

Kweli hakubakisha. Aliandika kwamba wanaume walipokuwa mikokoni wakikata, msimamizi aliingia nyumbani mwao, akapita ukumbini, akaingia chumba cha ndani alimokuwa mke wa Omari, mzazi ambaye hajatimiza arobaini yake. Na alichomfanya akakiandika kwa jina lake, na nguo alizomvua, na mtoto aliyekuwa pembeni akilia, na damu. Omari alirudi akayakuta.

Nilisoma nikafunga mlango. Mke wa Omari nilikuwa namjua tangu utoto, ni mtu wa ukoo wa mama yangu. Mzazi wa arobaini kwetu hata shemeji hapiti mlangoni pake. Ningewezaje kuyaweka yale mezani kwa Residente, yapite kwa makarani, yasomwe na askari? Nikasema nafsini, mwanamke huyu kaandika kwa uchungu, kesho atajuta, na mimi ni mtu wake, ni wajibu wangu kumsitiri. Nikaandika kwamba msimamizi "hakuiheshimu nyumba". Nikaandika konforme. Usiku ule nililala vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Jibu lilikuja baada ya majuma matatu. Residente alikataa: mshitakiwa amempiga mzungu bila ya sababu kubwa, apelekwe mashamba ya ndizi ya mtoni kufanya kazi ngumu. Omari alikuwa amekwisha kupelekwa tulipomwita Mwana Esha, na kumsomea jibu lile kulikuwa juu yangu.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Bila ya sababu?" akauliza. "Mi sababu nilimwandikia. Nisomea ulilomwandikia wewe."

"Mama, maneno ni yale yale."

"Nisomea."

Nikachukua minuta, nikamrudishia kwa Kibajuni mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye nyumba isiyoheshimiwa alinyosha mkono, nikanyamaza.

"Hilo si langu," akasema. Hakupandisha sauti. "Mficha uchi hazai, we hukufunzwa? Nipa mchu mwingine."

Residente alitoka kwa kelele za kimya kile, maana afisi nzima ilikuwa imeacha kuandika. Nikamfasiria kwamba mama anataka arzihali ifasiriwe upya, na si nami. Akashangaa. "Mwambie hakuna mwingine wa damu yake."

Nikamwambia. Mama akageuka akamtazama Katibu wa Pili, kalamu zake mbele yake.

"Namtaka yule."

"Mama, yule hata herufi zetu hazijui," nikasema. "Si mchu wetu."

"Ndo maana namtaka. Mchu wetu kanionea haya. Yule hana haya nami."

Residente aliinua mabega. Akasema basi, ajaribu, atajuta mwenyewe, na mimi nikae pale nihakikishe.

Walikaa asubuhi nzima. Kwa kuwa Mhabeshi hakujua kusoma herufi za Kiarabu, alimwomba mama asome mwenyewe, polepole. Kila mahali asipoelewa aliuliza. Aliuliza arobaini ni nini, ni arobaini ya nini. Aliuliza kwa nini chumba cha ndani na si ukumbi, mlango ni mlango tu. Hapo mama alinigeukia bila kunitazama usoni, akasema, "Mweleze." Nikaeleza, kwa Kitaliano changu kizuri, mambo ambayo mimi sikuona haja ya kuyaeleza kwa sababu niliyajua. Yule bwana akayaandika yote. Alipofika kwenye lile neno alimuuliza mama kwa Kiswahili chake cha kokoto, "Hili niandike hivyo hivyo?" Mama akasema ndiyo. Akaliandika.

Mimi sikumuuliza. Hiyo ndiyo tofauti yote iliyokuwepo baina yetu, na haikuwa ya damu.

Residente aliposoma uso ulimwiva. Sidhani kama ni huruma. Mzungu aliyemwendea mwanamke mweusi alikuwa ameivunja ile sheria yake aipendayo, na hilo lilimuuma kuliko mwanamke. Msimamizi akarudishwa kwao. Ukaandikwa waraka wa kumwachia Omari, ukapelekwa mtoni na askari.

Homa ya mtoni ilikuwa imekwisha kumchukua. Waraka ulifika amezikwa siku tano.

Nimehesabu mara nyingi, ingawa hesabu hii haina faida kwa mtu. Arzihali ingefasiriwa mara ya kwanza kama ilivyokuwa, Omari asingefika mtoni. Katibu wa Pili toka siku ile alianza kunichongea kalamu zangu pia, na sikujua ni wema au ni nini. Waingereza walikuja, Waitaliano wakarudi kwa mlango mwingine, ule wa udhamini wa Umoja wa Mataifa, nikaendelea kufasiri kwa mabwana wapya kwa vyeo vipya. Niliuliza kila neno. Watu walilalamika kwamba mzee huyu anachosha, anauliza hata yaliyo wazi. Nikawaacha walalamike.

Nilipostaafu walinipa saa na barua nzuri ya Kitaliano inayosema nilikuwa sauti aminifu ya watu wangu. Sikumsomea mtu. Juma lile lile nilivuka kwenda Chovae. Mwana Esha alikuwa amezeeka, lakini bado alikuwa akiwafundisha watoto wa kike hati barazani kwake. Mkamwana wake, mjane wa Omari, alileta maji akarudi ndani. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, na yote yakanitoka.

"Mama," nikasema, "nimekuya kutaka radhi. Wallahi sikuwa na nia mbaya. Nilitaka kukusitiri."

Aliifuta kalamu yake kwa kitambaa, akaiweka.

"Ulimsitiri nani, mwanangu?" akasema. "Mi nilikuwa nishaandika."