Tulivyomwita Naisiae Mtaani Sharafiya

Kabla hujaondoka kwenda kazini ugenini, mwanangu, sikiliza: bado naikumbuka Ijumaa moja mjini Jeddah, nilipokuwa kijana mwenye umjini wa kuazima. Nilikuwa dereva wa familia moja huko Riyadh. Wenzangu wa mtaa wa Batha wakiniuliza natoka wapi, nilijibu Nairobi. Nilikuwa nimechoka kuchekwa kila nikitaja Olmeut, kijiji chetu cha mbugani, chenye maboma machache na nyasi mpaka macho yachoke.

Basi zikaja habari kutoka nyumbani. Naisiae, binti wa jirani yetu aliyekuwa akifanya kazi za ndani Jeddah, alikuwa kimya tangu Krismasi. Simu yake haipatikani. Mama yake alikwisha kuamini kwamba amekufa, akawa hali wala halali. Walichojua ni kwamba anaishi kwenye ghorofa moja nyuma ya maduka ya simu, mtaa wa Sharafiya. Nilipanda basi kwenda Jeddah, nikamfuata Mzee Lemayian, mtu wa kwetu aliyekuwa mlinzi wa bohari huko, nikamwambia nilivyoona mimi: mji ni mkubwa, maghorofa hayana idadi, afadhali tumpigie mama yake tumpe pole.

Mzee akavaa viatu.

Sasa wewe hukukulia mbugani, kwa hiyo nikueleze. Kwetu hakuna ua wala seng'enge. Ng'ombe wa maboma yote hulishwa pamoja, na jioni kila nyumba huwaita wake kwa mwito wake. Anayechunga huanza, aliyeko bomani humalizia. Mtoto wa Olmeut huijua miito yote ya kijiji kabla hajajua kusoma, maana nyumba ni chache na watu ni wale wale.

Tulipofika Sharafiya maduka yalikuwa bado yamefungwa na mtaa umetulia. Mzee akasimama katikati ya njia, akaanza mwito wa kina Naisiae. Kifua chake kilikuwa kimechoka. Akakohoa, sauti ikakatika. Akaniambia niite mimi. Nikaangalia huku na huku. Kulikuwa na mtu anafagia mbele ya mgahawa, na ameshaanza kucheka. Nikamnong'oneza Mzee kwamba watatuona washamba.

"Nairobi akipotea mtu, nani anajua?" akasema, wala hakupaza sauti. "Sisi akikosekana mmoja, kijiji kizima hakilali. Hiyo ndiyo sifa yetu, kijana. Na wewe unaionea haya?"

Maneno yale yaliniingia. Nikavuta pumzi, nikaita kama nilivyokuwa nikiita nyuma ya ng'ombe. Mfagiaji akaacha kucheka, akaegemea ufagio wake. Tukatoka uchochoro huu tukaingia ule, nami naita. Mwanamume mmoja akafungua dirisha akasema halas, halas, yaani basi, tumwache alale. Mzee akamwomba radhi, kisha akanipa ishara niendelee.

Halafu kutoka dirisha la jiko, juu kabisa, nyuma ya vyuma, sauti ya mwanamke ikamalizia mwito.

Nililia pale pale barabarani, mwanangu, na sioni haya kukwambia. Naisiae alikuwa mzima. Akatuambia kutoka dirishani kwamba simu yake imeharibika, na kutoka nje haruhusiwi. Nikapiga simu nyumbani, nikaiinua juu, nikamwambia aite. Akaita kwa nguvu zake zote. Tukamsikia mama yake kwenye simu akijaribu kumalizia, akashindwa kwa kilio, na watu waliokuwa bomani wakamsaidia. Baba wa nyumba ile akashuka kuuliza kuna nini. Mzee akamweleza kwa Kiarabu chake cha getini, na tangu siku hiyo Naisiae akawa anapewa simu kila Ijumaa.

Tangu hapo sijawahi tena kusema natoka Nairobi. Nawe ukiulizwa, taja kwenu kwa jina lake, hata kama hakuna aliyewahi kupasikia. Usiuonee aibu uchache wa watu wako, maana penye watu wachache kila mmoja ana nafasi yake, na nafasi ikibaki wazi huonekana. Mwenzako akinyamaza ugenini, usikae ukipima ukubwa wa mji. Toka ukamtafute, watu wakucheke wakitaka.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde katika nyumba za watu, akurudishe kwenu mzima, na siku utakayofika uwakute wote wapo.