Shamba la Mungu

Mke wangu alizikwa kwao Ibra, huku Omani, mawe matatu juu ya kaburi kama wanawake wote, bila ya jina. Baada ya mvua kubwa kuvuruga mawe nikawa sijui lake ni lipi kati ya makaburi mawili. Sikumwambia mtu. Nilikwenda kwa fundi wa marumaru huko Firq nikaagiza jiwe lenye jina lake, na nilikuwa tayari kuchagua kaburi moja, hata kama si lake.

Wakati huo nikiendesha gari ya wageni. Siku moja nilimchukua bibi wa Kijerumani kutoka Nizwa kwenda Ibra. Alikuwa nesi Tabora miaka mingi, Kiswahili chake cha bara. Njiani akanieleza kijiji chao, Herrnhut. Watu walioteswa kwa dini yao walikimbilia huko, mwenye ardhi akawapa msitu, wakajenga. Walikuwa bado wachache, hawajazi msikiti wa Ijumaa, wakaanza kupeleka wahubiri wa Kiprotestanti visiwa vya mbali, si vyetu, kwa watumwa, na kwenye nchi za barafu. Mwishowe walifika hata Unyamwezi. Habari ya kukimbia sikuhitaji kuelezwa. Sisi tulitoka Unguja.

Akasema kwamba juu ya kilima wana shamba la Mungu. Nikadhani ni wakfu, kama mitende ya misikiti yetu. Nikamuuliza wanapanda nini kwenye baridi ile.

Alicheka mpaka akavua miwani. “Watu, mzee. Tunapanda watu.”

Ni makaburi. Mawe yamelazwa, tajiri na seremala sawasawa, wanawake upande wao, kila mtu kwa zamu ya kufa kwake. Nikauliza kama yana majina. Yanayo, akasema, na moyo wangu ukafurahi.

“Lakini theluji huyafunika,” akasema. “Mwaka mmoja nilifukua theluji kumtafuta mama, nikamkuta mama wa jirani. Basi nikamwamkia yeye.”

Tulipofika Ibra nilimwomba anisubiri. Nilisimama kati ya yale makaburi mawili nikatoa salamu kwa wote, kama tulivyofundishwa. Kisha nikampigia fundi simu asichonge.

Niliporudi garini nilimweleza yote, yeye mtu wa kwanza. Akaniuliza mke wangu akiitwa nani. Nikamtajia jina lake. Akalirudia vibaya, mara mbili, mpaka akalipata.