Fimbo ya Baba Mkwe

Japhet ananichosha. Ni mnunuzi wa maharage hapa Kibondo, mwembamba, mwepesi wa mkono, na katika timu yetu ya pool yeye ndiye hufungua mchezo. Mpe fimbo ya kawaida uone: mkono unachomoka kwa kasi na mipira inatawanyika meza nzima. Angebaki na hiyo, leo tungekuwa tunaongea mengine.

Ila alimwoa Irakoze, na baba yake Irakoze, mzee Habonimana, ni fundi seremala. Mwaka jana mzee akamchongea mkwewe fimbo ya mninga. Ni nzuri, sisemi uongo: imenyooka, inang'aa, na jina la Japhet limechorwa kwenye kitako. Lakini uzito wake! Niliiweka mwenyewe kwenye mizani ya maharage, ikasoma gramu mia tisa. Ya kawaida haifiki mia sita. Nikamweleza Japhet kwamba uzito bila kasi haupasui kitu, na mkono wake hauwezi kulirusha gogo lile. Akakubali yote. Nikamwambia basi aiache nyumbani, akanitazama kana kwamba nimemwambia amwache mke.

Mimi ni mwalimu, mtu wa Tanga, na huku nimeambiwa mara nyingi kwamba mkwe hakosolewi. Sawa. Lakini heshima hiyo imetugharimu mechi sita, na mimi ndiye nahodha. Kabla ya mechi ya Kasulu nikamwambia mbele ya wenzake: ukiharibu tena, anayefungua ni Laurent, na wewe unakaa benchi.

Jumapili baada ya ibada tukaenda kupanda gari. Nani kakaa kiti cha mbele na koti lake la kanisani? Mzee Habonimana, anakwenda kuiona fimbo yake ikifanya kazi.

Japhet alifungua mara tatu. Mara ya kwanza mipira ilisogea kidogo tu. Ya pili, mpira mweupe uliruka ukaangukia miguuni kwa mashabiki wa Kasulu. Ya tatu sikutazama. Tulifungwa tatu bila.

Mzee akaja mezani, akaichukua fimbo, akaipapasa.

"Sema kweli, mwanangu. Ina kasoro?"

Nilimkazia macho Japhet. Neno moja tu, na nafasi yake angebaki nayo.

"Haina, data," akajibu, akimwita baba kwa Kiha. "Mkono wangu ndio mbovu. Mwalimu anampa Laurent nafasi, na ni haki."

Nilikasirika. Basi nitasema mimi, nikajiambia, mimi sijaoa kwake. Mzee akanigeukia, fimbo ameishika kwa mikono miwili.

"Na wewe mwalimu, unaionaje?"

"Nzuri sana, mzee," nikasema.

Akafurahi. Akanipima kwa macho, kuanzia bega hadi kiganja, akasema yangu ataichonga nene zaidi, kwa kuwa mimi nina mwili.